Barua ya wazi kwa wakuu wa ABC: Fungueni ghala la kanda za Pine Valley na Llanview

Kwa Wakuu wa Kituo cha Televisheni cha ABC na Kampuni ya Walt Disney,
Marekani.

YAH: KANDA ZA TAMTHILIA ZA ALL MY CHILDREN NA ONE LIFE TO LIVE

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu hiyo ndiyo lugha tuliyoitumia kusimuliana tamthilia zenu. Tulikuwa wanawake wa Tanga, Mombasa, Bujumbura na Bukavu, sote tukifanya kazi ya kutunza wazee hapa Marekani, na aliyekuwa zamu ya usiku alipompigia simu mwenziwe wa zamu ya mchana, swali la kwanza baada ya salamu lilihusu Pine Valley na Llanview, miji ya kubuni ya All My Children na One Life to Live: nani kafufuka, nani kamkana mwanawe, Erica kamjibu nini mumewe. Hakuna mtu wa kituo chenu aliyewahi kutuuliza tulikuwa tukitazama nini. Barua hii inawaeleza, na ndani yake mna ombi moja.

Nilianza kazi hiyo mwaka 1999, katika nyumba moja ya wazee katika jimbo la Ohio. Kila siku ya kazi, ilipokaribia saa saba mchana, kengele za vyumbani zililia moja baada ya nyingine, kwa maana kila mzee alitaka kusukumwa kwenye kiti chake cha magurudumu hadi ukumbini kabla muziki wa kufungulia All My Children haujaanza. Saa nane iliingia One Life to Live, saa tisa General Hospital, na mpaka saa kumi hakuna aliyetuita ila kwa haja ya lazima. Wengi wao walikuwa hawasikii vizuri, kwa hiyo maneno ya wahusika yaliandikwa chini ya kioo, nami niliyekuja na Kiingereza cha darasani nilijifunza hapo kusoma kwa kasi ya watu wanaogombana. Tulisimama nyuma ya viti tukikunja taulo, na taulo zile zilikunjwa polepole sana.

Mwezi Mei wa mwaka huohuo, Susan Lucci, aliyeigiza Erica Kane tangu tamthilia ilipoanza, alipata tuzo ya televisheni ya Emmy baada ya kuteuliwa mara 18 na kuikosa mara zote hizo. Nilikuwa mgeni, sikujua Emmy ni nini. Niliwakuta wazee asubuhi yake wakifutana machozi kama watu waliotoka harusini, na bibi mmoja akaniambia kwamba alikuwa amemngojea mtoto huyu kwa miaka kumi na tisa. Alimwita mtoto. Siku hiyo nilielewa kwamba waliokaa ukumbini walikuwa wakitazama watu wao.

Bibi huyo ndiye aliyenifundisha yote ninayoyajua kuhusu Llanview. Alikuwa Mmarekani Mweusi, alizaliwa Alabama, na kwa miaka mingi alikuwa akifua mashuka ya hospitali. Alinisimulia kwamba baada ya One Life to Live kuanza, tarehe 15 Julai 1968, alivutwa na mhusika mmoja aliyeitwa Carla Benari, mwigizaji mwenye asili ya Italia aliyekuwa amechumbiwa na daktari mzungu huku moyo wake ukielekea kwa daktari Mweusi. Watazamaji wazungu walikasirika wakidhani mwanamke mzungu anampenda mtu Mweusi. Kisha, baada ya miezi kadhaa, ikafichuka kwamba Carla ni Clara, binti wa Sadie Gray, mama Mweusi aliyekuwa akisimamia usafi katika hospitali ya Llanview, na kwamba alikuwa ameificha asili yake ili apate kuishi kama mzungu. Kituo kimoja cha Texas kiliacha kuionyesha tamthilia hiyo. Bibi yangu wa Ohio, aliyekuwa akisugua madoa ya damu kwenye mashuka, alimwona Sadie kwenye televisheni akiwa na kazi inayofanana na yake, akiwa na jina, na akiwa na haki ya kumwuliza mwanawe kwa nini anamwonea aibu. Alikuwa akiisimulia sehemu hiyo kwa sauti ya chini kila mara, na kila mara alimtaja Ellen Holly na Lillian Hayman kwa majina yao kamili.

Mwenye kubuni kisa hicho alikuwa Agnes Nixon, na kwa kuwa wengi wa wasomaji wangu hawamfahamu, naomba niseme machache juu yake. Alijifunza kazi kwa Irna Phillips, mwanamke aliyeanzisha tamthilia za mchana za Marekani enzi za redio, wakati kampuni za sabuni ndizo zilizozigharimia, na ndiyo sababu Wamarekani hadi leo wanaziita tamthilia za sabuni. Mwaka 1962, akiwa mwandishi wa Guiding Light, ambayo haikuwa yenu, aliomba kuandika kisa cha mama anayeokolewa na saratani ya mji wa mimba kwa sababu alipimwa mapema. Wakuu wa stesheni na wenye matangazo walimruhusu kwa sharti kwamba asitaje neno saratani wala mji wa mimba. Akakiandika kisa hivyohivyo, bila ya maneno hayo, na wanawake wakaelewa. Nawakumbusha jambo hili ili mwone kwamba sisi hatulalamiki kwa sababu tu stesheni iliweka mkono wake. Mkono wa stesheni ulikuwapo tangu mwanzo. Kuna kumzuia mwandishi asitaje neno, naye akapata njia ya kusema. Na kuna kumwondolea mwandishi kisa chenyewe.

Ninyi, Waheshimiwa, mlimpa nafasi. All My Children ilianza tarehe 5 Januari 1970, vita vya Vietnam vikiendelea, na wahusika wake wakavipinga hadharani wakati wa mchana, mbele ya akina mama waliokuwa na watoto vitani. Mwaka huo wa 1970, One Life to Live ilimpeleka msichana wake, Cathy Craig, kwenye nyumba halisi ya kuwasaidia waathirika wa dawa za kulevya jijini New York, akakaa na vijana halisi waliokuwa wakijieleza wenyewe. Mwaka 1973 Erica Kane alitoa mimba kihalali, jambo ambalo televisheni ya Marekani ilikuwa ikiliogopa. Mwaka 1979 Karen Wolek, aliyeigizwa na Judith Light, alikiri mahakamani mbele ya mumewe na mji mzima kwamba alikuwa akijiuza, ili amwokoe rafiki yake asihukumiwe kwa mauaji. Na mwishoni mwa miaka ya 1980 Cindy, mke wa Stuart Chandler, aliugua UKIMWI na kufa katika Pine Valley, akipendwa na akilishwa kwa mkono wa mumewe.

Kuhusu Cindy ninasimama kidogo. Mimi nilikuwa msichana mdogo Tanga wakati huo. Ugonjwa ule kwetu ulisemwa kwa mafumbo, na vikombe vya wagonjwa vilitengwa. Shangazi yangu alikufa katika chumba cha uani ambacho watoto tulikatazwa kuingia. Nilipohadithiwa na wazee wa Ohio jinsi Stuart alivyomtunza Cindy, na jinsi majirani waliomwogopa walivyoonyeshwa kuwa wamekosea, nilijiuliza ingekuwaje kama sisi tungeonyeshwa kisa hicho wakati ule ule, kila siku, kwa miezi, polepole, mpaka mtu azoee kuona mgonjwa akikumbatiwa. Mhadhara wa nusu saa hauwezi kumfanyia mtu hivyo. Mhusika uliyekaa naye mwaka mzima anaweza.

Basi tuje kwenye yaliyoharibika. ABC ilizinunua tamthilia hizi mbili kutoka kwa Bi. Nixon katikati ya miaka ya 1970, na tangu hapo mwenye kuonyesha akawa ndiye mwenye mali. Kwa muda mrefu hilo halikuwadhuru watazamaji, maana mchana ulikuwa ukiwaletea fedha nyingi. Arusi ya Luke na Laura katika General Hospital, Novemba 1981, ilitazamwa na watu wapatao milioni 30. Lakini wenye matangazo walikuwa wakilipia zaidi wanawake wa miaka 18 hadi 49, na kadiri watazamaji walivyopungua, hasa baada ya kesi ya mauaji iliyomkabili mchezaji maarufu O. J. Simpson, iliyoonyeshwa moja kwa moja, kuzifukuza tamthilia hewani kwa miezi mnamo 1995, ndivyo wakuu walivyozidi kuyakimbilia macho ya vijana. Wahusika wa makamo walikaa kando. Mama aliyekuwa na kisa chake mwenyewe akawa wa kumpa kijana kahawa na ushauri, kisha akatoka mlangoni asionekane kwa wiki tatu. Wazee wetu walikuwa wakihesabu wiki hizo. Walijua pia, kwa sababu nami niliwaeleza baada ya kusoma, kwamba kampuni ya Nielsen hupima watazamaji kwa kaya zilizochaguliwa, na ukumbi wa nyumba ya wazee si kaya. Watu thelathini waliokaa pale kila siku, kwa saa tatu, kwa miaka, hawakuwa hata namba moja katika hesabu zenu.

Kosa lililowaumiza kuliko yote lilitokea mwaka 2005 na 2006, pale All My Children iliporuhusiwa kudai kwamba mimba ya Erica ya mwaka 1973 haikutoka. Kwamba daktari aliihamishia kwa mwanamke mwingine, na sasa mtoto amekuwa mtu mzima na amerudi mjini. Sizungumzii hapa kama utoaji mimba ni halali au haramu. Katika ukumbi wetu walikuwamo wazee wa kanisa ambao hawakukubaliana kabisa na uamuzi wa Erica wa 1973. Hata hao walikasirika. Mmoja wao alisema kwamba alisali kwa ajili ya Erica miaka ile, na sasa anaambiwa kwamba hakukuwa na la kusalia. Tamthilia inayodumu miaka arobaini inaishi kwa kumbukumbu za watu walioitazama. Mwandishi anayeingia leo ana ruhusa ya kumfanya mhusika ajute, abadilike, au aseme uongo. Kuifuta jana yake ni kuwaambia watazamaji kwamba wao, walioibeba jana hiyo vichwani mwao, hawana thamani.

Kisha mkaihamisha All My Children kutoka New York hadi Los Angeles, ambako kazi ilianza mapema mwaka 2010. David Canary, aliyekuwa akiigiza pacha wawili, Adam na Stuart, kiasi kwamba wazee wengine walikataa kuamini ni mtu mmoja, aliiacha tamthilia mwaka huo. Na tarehe 14 Aprili 2011, kwa siku hiyo moja, mkatangaza kwamba zote mbili zinafutwa. Mkasema watazamaji sasa wanataka vipindi vya mapishi, afya na mitindo. Kampuni ya Hoover, inayotengeneza mashine za kufagilia mazulia, iliondoa matangazo yake kwenu kwa kupinga uamuzi huo. Nasi tuliwaandikia barua kwa niaba ya wazee waliokuwa wakitetemeka mikono. Kipindi cha mapishi cha The Chew kilichukua saa ya Pine Valley. The Revolution ilichukua saa ya Llanview mwezi Januari 2012, na kufikia Julai mwaka huohuo ilikuwa imekwisha. Mlibadilisha miaka 43 kwa miezi sita.

Nakiri kwamba kutengeneza saa moja ya tamthilia kila siku, yenye waigizaji, waandishi na mafundi wa mandhari, ni ghali, na kwamba vipindi vya mazungumzo ni rahisi. Sisemi mlikuwa na wajibu wa kupata hasara milele. Nasema kwamba njia mliyoipita kufikia hasara hiyo ilikuwa ya kuwapuuza waliokuwa wamekaa, mkiwatafuta ambao hawajaingia mlangoni.

Waandishi wa One Life to Live, wakiongozwa na Ron Carlivati, walipata angalau nafasi ya kuaga. Waliirudisha ndani ya Llanview tamthilia ya kubuni iitwayo Fraternity Row, ambayo nayo ilikuwa imefutwa, na wahusika wakaililia. Kwa hiyo siku za mwisho, hadi tarehe 13 Januari 2012, sisi tuliokuwa tukilia ukumbini tuliwaona watu wa Llanview wakilia kwa sababu ileile. Erika Slezak, aliyemwigiza mhusika Viki tangu 1971, alikuwapo mpaka siku hiyo. All My Children haikupata hilo. Kwa kuwa mlikuwa mmeshaikodisha haki yake kwa kampuni ya Prospect Park, iliyoahidi kuiendeleza katika intaneti, sehemu ya mwisho ya tarehe 23 Septemba 2011 iliishia kwa J. R. Chandler kujificha na bastola, mlio wa risasi, na kioo kuwa cheusi. Jibu lilikuja tarehe 29 Aprili 2013, kwenye kompyuta, kwa wale wenye kompyuta. Wakati huo ninyi na Prospect Park mlikuwa tayari mahakamani kuhusu wahusika wa Llanview waliohamishiwa General Hospital, na baada ya miezi michache kazi ikasimama. Mwishoni mwa 2013 mliifunga pia SOAPnet, chaneli iliyokuwa ikituonyesha usiku yale tuliyoyakosa mchana.

Bibi yangu alifariki vuli ya mwaka 2012. Katika wiki zake za mwisho, akichanganya siku na miaka, aliniuliza zaidi ya mara moja risasi ile ilimpata nani. Sikuwa na jibu, wala hakuna aliyekuwa nalo.

Ombi langu, Waheshimiwa, ni kwamba mfungue ghala la kanda. Kanda nyingi za miaka ya mwanzo zilifutwa ili zitumike upya, kama ilivyokuwa desturi ya stesheni wakati ule, na ndani ya hasara hiyo amepotea Carla, na mama yake Sadie, na sehemu kubwa ya kazi ya waigizaji wawili Weusi waliowatangulia wengi. Hilo haliwezi kurekebishwa. Lakini miongo iliyobaki mnayo, na ninyi peke yenu ndio mnaoweza kuitoa. Mna huduma zenu za intaneti zinazofika nchi nyingi. Najua kuna malipo ya waigizaji yatakayohitaji makubaliano, na kuna haki za muziki. Hayo ni mambo ambayo wanasheria wenu huyamaliza kila wiki kwa ajili ya filamu ambazo hakuna anayezilia.

Mkizifungua, tafadhali ziwekeni kwa mpangilio wa tarehe, bila kukatwa, pamoja na orodha ya majina mwishoni ya waandishi, mafundi wa taa na washonaji. Wekeni maandishi chini ya kioo kwa wasiosikia. Msituchagulie arusi na mazishi peke yake. Tunazitaka hata siku za kawaida, ambapo watu wawili wanakunywa kahawa na hakuna kinachotokea, kwa maana tamthilia ya kila siku ilijengwa kwa siku kama hizo. Na kama inawezekana, pawe na njia ya nyumba za wazee kuzipata bila kila mzee kudaiwa kadi ya benki.

Naomba pia, kwa kuwa General Hospital ingali hewani tangu tarehe 1 Aprili 1963 na ndiyo pekee iliyobaki kwenu, waandishi wake waachiwe kukimaliza kisa walichokianza kabla takwimu za wiki hazijawafikia mezani. Wazee wa leo katika ukumbi wetu si wale wa 1999. Hawa ni waliokuwa wanafunzi wa sekondari Luke na Laura walipooana, waliokuwa wakikimbia kutoka shuleni ili wafike kabla ya saa tisa. Wamezeeka na wahusika wao, na sasa wamo nje ya hesabu yenu ya miaka 18 hadi 49, kama walivyokuwa wale waliowatangulia.

Bado nafanya kazi katika nyumba ileile, na mimi mwenyewe sasa nina mvi. Mkinipa tarehe ya kufunguliwa kwa ghala, nitaiandika kwa herufi kubwa na kuibandika kwenye ubao wa matangazo wa ukumbini, kando ya orodha ya chakula cha wiki, na siku hiyo viti vyote vitakuwa mbele ya televisheni kabla ya saa saba.

Wenu,
Mtazamaji wenu tangu mwaka 1999,
Ohio.